Kubeti Mtoano wa NHL: Msome Kipa, Soma Dakika 60, Ndipo Utazame Odi

Tarehe 4 Juni 2025 Edmonton Oilers waliifunga Florida Panthers 4–3 katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Amerika Kaskazini, na bado kila aliyeipa Edmonton ushindi kwenye soko la 1X2 (nyumbani, sare au ugenini) alichana mkeka. Soko hilo, katika hoki ya barafu, linahesabu dakika 60 tu. Dakika 60 zilipoisha ubao ulisoma 3–3. Leon Draisaitl alifunga bao la ushindi zikiwa zimesalia sekunde 31 za kipindi cha nyongeza, na kwa soko lile bao hilo ni kama halikufungwa. Mtu alichagua timu sahihi, akalipa kwa kutosoma anachokinunua.

Tumeichagua fainali hii ya Edmonton na Florida kuwa mfano kwa sababu timu hizo zilikutana miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025, na ndani ya mechi zao 13 yamo karibu mambo yote yanayommaliza mbashiri wa hoki. Ukiweza kuuchambua mtanange huo kabla haujaanza, unaweza kuuchambua mwingine wowote wa mtoano.

Kwa anayeanza, mambo ya msingi ni machache. Uwanja ni barafu ya takriban mita 61 kwa 26. Kila upande una wachezaji watano na kipa, na wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20. Timu 16 kati ya 32 huingia mtoano, na kila hatua ni mfululizo wa mechi hadi saba: anayewahi kushinda nne anapita. Mwenye faida ya nyumbani hucheza kwake mechi ya 1, 2, 5 na 7. Sare ikitokea kwenye ligi ya kawaida, timu hucheza watatu kwa watatu kwa dakika tano, kisha wanapigiana penalti. Kwenye mtoano hakuna penalti za namna hiyo. Wanaendelea watano kwa watano, vipindi vya dakika 20, hadi bao lipatikane, hata kama ni alfajiri. Kwa hiyo rekodi ya timu katika muda wa nyongeza msimu mzima haikusaidii chochote mwezi wa Mei na Juni. Ni mchezo mwingine kabisa.

Kila soko lina saa yake

Soko la pande mbili, timu moja au nyingine bila sare, kwa kawaida huhesabu muda wa nyongeza. Soko la pande tatu, ile 1X2, halihesabu. Ndiyo maana odi za pande tatu huonekana tamu zaidi: timu yenye 1.80 kwenye pande mbili unaweza kuiona ina 2.25 kwenye pande tatu. Utamu huo si zawadi. Ni malipo ya hatari ya sare baada ya dakika 60, na katika fainali ya 2025 mechi tatu kati ya sita (ya 1, ya 2 na ya 4) zilifika hapo. Mwaka mmoja kabla, timu zilezile zilicheza mechi saba na hakuna hata moja iliyokwenda nyongeza. Usijenge kanuni kwa mfululizo mmoja.

Handikapu ya hoki, yaani mabao ambayo timu huongezewa (+) au kupunguziwa (-) kwenye hesabu ya mkeka, karibu siku zote ni bao 1.5, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalizingatii. Mechi ikiingia muda wa nyongeza itaisha kwa tofauti ya bao moja tu, hakuna namna nyingine. Kwa hiyo aliyeshika +1.5 ameshashinda sekunde ileile dakika ya 60 inapoisha kwa sare, na aliyeshika -1.5 ameshapoteza. Hesabu ya mabao nayo ina tabia yake: sare ya 3–3 lazima iishie mabao saba, kwa hiyo juu ya 6.5 imepatikana hata kabla ya bao lenyewe. Sare ya 2–2 lazima iishie matano, kwa hiyo chini ya 5.5 iko salama. Jumla ya mabao kwenye mechi iliyokwenda nyongeza siku zote ni namba witiri. Ukiona timu mbili zinazokabana koo na unaamini sare ya dakika 60 inanukia, tofauti kati ya mstari wa 5.5 na 6.5 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye simu.

Masoko ya wachezaji, nani afunge na nani apige mashuti mangapi, mara nyingi huhesabu nyongeza, lakini si kila kampuni. Fungua kanuni za kampuni yako, tafuta sehemu ya hoki, soma sentensi mbili. Inachukua dakika moja.

Goli tupu

Sasa tuje kwenye kitu kinachoamua handikapu nyingi kuliko ubora wa timu. Timu inayofungwa kwa bao moja, zikisalia dakika mbili au tatu, humwita kipa wake benchi na kuingiza mshambuliaji wa sita. Ikiwa nyuma kwa mawili, huanza mapema zaidi. Kuanzia hapo moja kati ya mambo mawili lina nafasi kubwa ya kutokea: bao la kusawazisha, au paki, kile kisahani cheusi cha raba, kuteleza hadi kwenye goli lisilo na mtu.

Chukua mechi ya 5 ya fainali ya 2024. Edmonton wanaongoza 4–3, Florida wamemtoa kipa. Aliyeshika Florida +1.5 anapumua vizuri. Paki inakwenda kwenye goli tupu, Matthew Tkachuk wa Florida anajirusha kifudifudi na kuifagia kabla haijavuka mstari. Muda mfupi baadaye, zikiwa zimesalia sekunde chini ya 30, nyota wa Edmonton Connor McDavid anaiweka kwenye lango hilohilo tupu. 5–3. Mkeka umechanika kwa jambo ambalo halina uhusiano na nani alicheza vizuri. Mechi ya 1 mwaka huo ilikuwa 2–0 na kuishia 3–0 kwa njia hiyo. Mechi ya 6 ilikuwa 3–1 ikaishia 5–1, mabao mawili ya goli tupu. Katika mechi ya mwisho ya 2025, Sam Reinhart wa Florida alifunga mabao manne, na mawili kati ya hayo hayakuwa na kipa mbele yake.

Upande wa pili wa sarafu upo pia. Mechi ya 2 ya 2025, Corey Perry alisawazisha zikiwa zimesalia sekunde 17.8, kipa wa Edmonton akiwa benchi. Mechi ya 4, Reinhart aliisawazishia Florida zikiwa zimesalia sekunde 19.5, kwa mtindo uleule. Mwenye kushika timu inayoongoza kwa dakika 60 alipoteza mara zote mbili dakika ya mwisho kabisa.

Somo la hapa ni la kiutendaji. Unaposoma matokeo ya nyuma ya timu ili kuandaa utabiri, ondoa kwanza mabao ya goli tupu. Timu iliyoshinda 4–1, 5–2, 4–2 inaweza kuwa imeshinda kwa bao moja au mawili hadi dakika ya 57. Na ukitaka -1.5, jiulize kama kocha wa timu pinzani ana mazoea ya kumtoa kipa mapema, na kama timu yako ina watu wanaojua kulipiga goli tupu kutoka mbali bila kuogopa.

Kusoma timu yenyewe

Anza na dakika za watano kwa watano, kwa sababu sehemu kubwa ya mechi huchezwa hivyo. Tazama mgawanyo wa majaribio ya mashuti, yaani kati ya majaribio yote, timu yako ilikuwa na asilimia ngapi, kisha tazama mabao yanayotarajiwa, ambayo huyapima mashuti kwa umbali na pembe. Tovuti ya Natural Stat Trick na ile ya MoneyPuck hutoa takwimu hizo bure. Timu yenye asilimia 53 au 54 ya mabao yanayotarajiwa katika mechi 25 za mwisho ni timu inayomiliki mchezo. Timu yenye 47 inayoshinda tu, inashindishwa na kipa au na bahati ya kumalizia, na vyote viwili hukauka.

Florida ya kocha Paul Maurice ilikuwa mfano wa kitabuni. Nguvu yao haikuwa nyota mmoja, bali msukumo. Paki ikiingia nyuma ya goli la mpinzani, wawili wanamvamia beki, wa tatu anakata pasi ya kutokea. Beki anayebanwa hivyo mara 30 kwa usiku, kufikia mechi ya 4 au ya 5 anaanza kuitupa paki ovyo. Mtu akikuonyesha takwimu za mabeki wa Edmonton msimu mzima, zilikuwa nzuri. Ila msimu mzima hawakuwa wakikutana na msukumo huo usiku baada ya usiku.

Kipa ndiye anayefuata, na ndiye mzito kuliko wote. Fanya hesabu hii mwenyewe. Timu inapigiwa mashuti 28. Kipa anayeokoa asilimia 91.5 anafungwa mabao 2.4; anayeokoa asilimia 89 anafungwa 3.1. Tofauti ni bao 0.7 kwa mechi, na hakuna mshambuliaji mmoja duniani anayeweza kukupa 0.7 kila usiku. Lakini kipa ni mgumu kutabiri. Katika mtoano wa 2025 Stuart Skinner wa Edmonton alipoteza nafasi raundi ya kwanza, Calvin Pickard akaingia na kushinda mechi sita mfululizo, Pickard akaumia, Skinner akarudi na kumaliza mechi mbili mfululizo dhidi ya Vegas bila kuruhusu bao. Kisha katika fainali akatolewa katikati ya mechi ya 3 na ya 4. Mtu yuleyule, majuma machache. Kwa hiyo usimpime kipa kwa mechi zake tano za mwisho. Tumia msimu mzima, ongeza na msimu uliopita, halafu sogeza kidogo tu kwa hali ya sasa.

Kisha dakika za adhabu. Mchezaji akifanya kosa dogo anakaa nje dakika mbili, timu yake inacheza pungufu. Wastani wa ligi ni kufunga mara moja hivi kwa kila nafasi tano. Timu inayopata nafasi tatu kwa mechi na kufunga asilimia 20 inapata bao 0.6, ikifunga asilimia 30, bao 0.9. Edmonton waliingia fainali ya 2024 wakiwa hatari kupita kiasi katika eneo hili, na wengi wakaweka pesa hapo. Mechi tatu za kwanza walipata nafasi 10 wakiwa na mtu wa ziada na hawakufunga hata moja. Florida waliwabana juu kabla hawajapanga, wakafunga njia ya pasi ndefu kwenda kwa Draisaitl upande wa kulia. Asilimia ya msimu haikuwa uongo, ila sampuli ya nafasi kumi ni ndogo, na mpinzani ameitazama video ileile unayoitazama wewe. Chukua takwimu ya msimu, ipunguze kuelekea wastani, ndipo uitumie.

Kuna dhana kwamba marefa humeza filimbi kwenye muda wa nyongeza, na kuna ukweli ndani yake. Lakini kosa la kuipiga paki ikavuka kioo kutoka eneo lako la ulinzi halimwachii refa nafasi ya kusamehe. Bao la Draisaitl lile la mechi ya 1 lilitokana na adhabu ya namna hiyo hasa.

Jambo la nyumbani lina maana tofauti na soka. Kelele zipo, lakini faida halisi ni kwamba mchezo unaposimama, kocha wa nyumbani ndiye wa mwisho kubadilisha wachezaji. Maurice akiwa Sunrise, nyumbani kwa Florida, aliweza kusubiri McDavid aingie, kisha amtume Aleksander Barkov, mshambuliaji mzuri kuliko wengi duniani kwa kukaba, na nyuma yao beki Gustav Forsling. Mechi ikiwa Edmonton, kocha wao Kris Knoblauch ndiye aliyekuwa na chaguo hilo, na angeweza kumkimbiza McDavid mbali na Barkov. Kwa hiyo soko la pointi au mashuti ya nyota mmoja lipime kwa uwanja: nyumbani anakutana na wakabaji dhaifu zaidi. Safari nayo ihesabu. Kati ya miji hiyo miwili ni zaidi ya kilomita 4,000 na saa mbili za tofauti.

Kutoka maoni hadi namba

Ukishamaliza uchambuzi, usiseme "Florida wako vizuri". Andika asilimia. Kisha geuza odi kuwa asilimia kwa kugawa 1 kwa odi. Tuseme kampuni inatoa 1.80 kwa 2.05: hiyo ni 55.6 na 48.8, jumla 104.4. Ile 4.4 ya ziada ni ya kampuni. Gawa kila moja kwa jumla, utapata soko linaamini 53 kwa 47. Kama wewe una 50 kwa 50, upande wa 2.05 una faida ndogo sana, asilimia mbili na nusu. Ukikuta 2.15 kwenye kampuni nyingine, faida inakuwa asilimia 7.5. Sasa weka kodi. Kama nchi yako inakata, tuseme, asilimia 10 ya faida ya kila mkeka, ile 7.5 inashuka hadi chini ya 2. Ndiyo maana kulinganisha odi za kampuni mbili tatu si ushabiki wa namba. Mara nyingi ndiyo faida yote uliyonayo.

Kuunganisha mechi kunaigeuza hesabu kuwa mbaya zaidi. Mechi moja ya 1.80 yenye nafasi halisi ya asilimia 53 inakugharimu wastani wa shilingi 4 hadi 5 kwa kila 100. Unganisha tatu za aina hiyo na inakugharimu kama 13 kwa kila 100. Mkeka mrefu unavutia macho, na kampuni inaupenda kwa sababu hiyohiyo.

Bei ya mfululizo mzima ni mahali pazuri pa kutafuta makosa ya soko. Timu yenye asilimia 55 kwa kila mechi ina asilimia 61 ya kushinda mfululizo. Yenye 60 ina 71. Ikipoteza mechi ya 1, ile ya 55 inashuka kutoka 61 hadi 44, yaani odi halali zinapanda kutoka 1.64 hadi karibu 2.27. Kama baada ya mechi hiyo odi zimeruka hadi 2.60 kwa timu ambayo ilimiliki mashuti lakini ikafungwa na kipa wa upande wa pili, hapo pana kitu. Kama ziko 2.10, kaa pembeni.

Na usinunue mzuka. Mwaka 2024 Florida waliongoza 3–0. Edmonton wakashinda 8–1, 5–3 na 5–1, wakasawazisha 3–3, na kufikia mechi ya 7 simulizi yote ilikuwa ya Edmonton. Florida wakashinda 2–1 nyumbani. Timu zilizotoka nyuma 3–0 na kushinda mfululizo katika historia ya NHL ni nne tu: Toronto 1942, New York Islanders 1975, Philadelphia 2010 na Los Angeles 2014. Hata kwa timu mbili zilizo sawa kabisa, kushinda mechi nne mfululizo ni nafasi moja kati ya 16. Matokeo ya 8–1 yanamaanisha kipa alikuwa na usiku mbaya na kocha akaanza kupumzisha watu. Mechi inayofuata inaanza 0–0 na pengine kwa kipa yuleyule aliyetulia.

Majeruhi ni eneo la giza kwa makusudi. Timu za NHL hutangaza "sehemu ya juu ya mwili" au "sehemu ya chini" na kunyamaza. Tazama nani hakuwepo mazoezini na nani amepanda nafasi yake. Zach Hyman wa Edmonton aliongoza kwa mabao mtoano wa 2024, mabao 16, mengi akiwa amesimama mbele ya uso wa kipa. Fainali ya 2025 hakucheza kwa sababu ya kifundo cha mkono. Mtu wa namna hiyo akikosekana, hupunguzi tu mabao yake. Unapunguza pia mashuti ambayo kipa hayaoni.

Muda wa kuweka dau unategemea kipa. Fainali nyingi huanza saa 2 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, ambayo ni saa 9 usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa 8 usiku Lubumbashi na Bujumbura. Mazoezi mepesi ya asubuhi ya siku ya mechi, ambapo kipa anayetoka kwanza barafuni kwa kawaida ndiye atakayeanza, huangukia jioni kwetu: karibu saa 11 na nusu jioni mechi ikiwa Florida, saa 1 na nusu usiku ikiwa Edmonton. Tovuti ya Daily Faceoff huorodhesha makipa na kuonyesha nani amethibitishwa na nani ni wa kukisiwa. Kabla ya mechi ya 5 ya 2025, Edmonton walimwanzisha Pickard badala ya Skinner. Aliyeweka dau siku moja kabla alikuwa amenunua mechi tofauti na iliyochezwa. Florida walishinda 5–2. Kama kipa hajathibitishwa hadi unapokwenda kulala, weka nusu ya dau lako la kawaida, ambalo lenyewe lisizidi asilimia moja au mbili ya fedha uliyoitenga, au acha mechi hiyo ipite.